Kutoka delta ya Rufiji hadi Morocco

Boriti za mikoko ya delta ya Rufiji zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni kwa karne nyingi, kwa hiyo umbali pekee hauelezi kwa nini wanasoka wa delta hawaendi nchi za Kiarabu. Wapo wasemao kipaji hujitokeza chenyewe. Sikubali. Mwanasoka wa Tanzania Simon Msuva alikwenda Difaâ El Jadida ya Morocco mwaka 2017, kisha Wydad Casablanca mwaka 2020, lakini alitokea Yanga, klabu ya Dar es Salaam, mbele ya macho ya mawakala. Kijana wa visiwa vya delta, kwa upande wake, husubiri maji yajae ndipo boti ipite. Daraja la Mkapa la mwaka 2003, juu ya Mto Rufiji, liliifungua barabara ya kusini, si mikondo ya delta. Halmashauri ya Kibiti iwalipie vijana hao nauli ya boti, ili nao wafike wanakoonekana na mawakala.