Farasi Mwekundu wa Dalarna

Mgeni nchini Uswidi huanza kushangaa mlangoni: viatu vinavuliwa kabla ya kuingia ndani, jambo ambalo mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa. Kazini nako, kahawa ina wakati wake unaoheshimiwa, na andazi la mdalasini pembeni. Kisha anakutana na farasi huyu mwekundu wa mbao.

Alianza kama kichezeo cha watoto, akichongwa jioni za majira ya baridi katika jimbo la Dalarna. Makao yake mashuhuri leo ni kijiji cha Nusnäs, kando ya ziwa Siljan. Umbo hukatwa kwa msumeno kwenye mbao za msonobari, halafu mchongaji humalizia kwa kisu, ndiyo maana hakuna wawili wanaofanana kabisa. Mkia hajachongewa, wala hakuna anayemdai.

Tazama kwa karibu mapambo ya shingoni na mgongoni. Kila mkunjo una rangi mbili zinazoingiliana, lakini haukuchorwa mara mbili: mchoraji huchovya brashi moja katika rangi zote mbili, akaivuta mara moja tu. Mkono ukitetemeka, imekula kwake.

Umaarufu ulimjia ugenini. Mwaka 1939 farasi mkubwa wa aina hii aliwekwa kwenye Maonyesho ya Dunia mjini New York, na oda zikamiminika. Mkubwa kuliko wote yuko Avesta, Dalarna: ni wa zege, ana kimo cha mita 13, na amesimama kando ya barabara tangu 1989.