Mashua ndogo za mashindano: bei ya kununulia siyo gharama yenyewe

Kila Olimpiki inapofika na sisi studio tukasoma matokeo ya mashua za tanga, wasikilizaji hutaka kujua mambo mawili. Ile mashua ndogo ya mtu mmoja inauzwa kiasi gani? Na mbona zote zinafanana kama zimetoka tumbo moja? Maswali hayo ni pacha, maana kufanana kwa mashua hizo ndiko kunakoamua mchezaji atatumia fedha kiasi gani.

Tuanze na bei. Mashua mpya aina ya ILCA, ambayo wengi bado wanaiita kwa jina lake la zamani, Laser, huuzwa Ulaya na Marekani kwa kati ya dola 6,500 na 9,000 hivi, kutegemea nchi, kodi na vifaa vinavyokuja nayo. Kwa shilingi za Tanzania ni zaidi ya milioni 15. Ina urefu wa mita 4.23, bodi la faibaglasi lenye uzito usiofika kilo 60, mlingoti mmoja na tanga moja. Haina injini, haina kivuli, haina hata pa kuweka kapu la samaki. Mvuvi wa kwetu akitajiwa bei hiyo lazima aulize mara ya pili.

Sasa fikiria resi za ngalawa. Kila ngalawa imechongwa na fundi wake kutoka gogo lake la mwembe, na hakuna mbili zilizo sawa. Anayetangulia anakuwa ameshinda yeye, fundi wake na mshona tanga wake. Huo ndio utamu wa resi zile. Lakini tia humo matajiri wanaotaka ushindi kwa kila njia. Mwaka huu mmoja analeta chombo chepesi zaidi, mwaka ujao mwenzake analeta chepesi kuliko hicho, na asiye na fedha anabaki ufukweni akipiga makofi.

Dawa iliyopatikana ni kuwa na kundi la mashua za umbo moja, uzito mmoja na tanga la kipimo kimoja, zote chini ya sheria zilizoandikwa. Kundi hilo huitwa daraja. Si daraja la juu na la chini kama kwenye ligi ya mpira. Maana yake ni kwamba waliomo wote wana chombo sawa, na kinachobaki kushindana ni mkono wa nahodha na jicho lake la kusoma upepo.

ILCA ni mfano mzuri. Ilichorwa na Mkanada Bruce Kirby, aliyeanza na mchoro wa haraka baada ya kupigiwa simu mwaka 1969 na mwenzake Ian Bruce. Walichotaka ni mashua rahisi ambayo mtu ataibeba juu ya paa la gari. Ilipotolewa kwenye maonyesho ya mashua New York mwaka 1971, bei yake ilikuwa dola 695. Tangu hapo zimeundwa zaidi ya 200,000, na mwaka 1996 ikaingia Olimpiki. Mbrazili Robert Scheidt ndiye aliyechukua dhahabu yake ya kwanza. Kwenye Olimpiki mchezaji haendi na mashua yake, anapewa iliyoandaliwa na waandaaji. Hata mwenye fedha nyingi hawezi kununua mbio pale.

Usawa huo nao una bei yake. Kwa kuwa sheria zinataka kila kitu kitoke kwa waundaji walioidhinishwa, tanga lenye kibandiko cha daraja huwa ghali kuliko tanga la kipimo hicho hicho lililoshonwa na fundi mwingine. Wapo wanaofanyia mazoezi tanga la bei nafuu na kulihifadhi rasmi kwa siku ya mashindano makubwa. Mimi naona ni busara. Mwaka 2019 mvutano kati ya chama cha daraja na mmoja wa waundaji ulifika mahali pabaya, na hapo ndipo jina Laser lilipoachwa rasmi likaja ILCA. Ukiona tangazo la Laser na lingine la ILCA, usidhani ni mashua mbili tofauti. Ila kabla ya kununua mpya, uliza kama muundaji wake ameidhinishwa na chama cha daraja.

Yapo pia madaraja yaliyochagua njia ya kinyume. Moth ni mmojawapo. Sheria zake zinaweka mipaka michache tu, na mbunifu yuko huru ndani yake. Uhuru huo umezaa chombo cha ajabu: kina mabawa chini ya maji yanayokiinua kikapaa, bodi zima likiwa hewani. Ni burudani kukitazama. Lakini Moth mpya ya kushindania hufika bei ya gari jipya, na baada ya misimu michache inaweza kuwa imepitwa.

Mashua zilizobuniwa ziwe nafuu

Mwaka 1947, katika mji wa Clearwater, Florida, Clark Mills aliombwa achore mashua ya watoto isiyozidi dola 50. Huko kulikuwa na mashindano ya vigari vya watoto vinavyoteremka mlima, na wafanyabiashara ndio waliowalipia watoto vigari hivyo. Wakasema, kwa nini tusifanye hivyo na mashua? Mills akachora kitu chenye omo butu kama sanduku, kwa sababu alitaka kitoke kwenye mbao mbili za plaiwudi. Ndiyo Optimist, mita 2.3 na kilo 35, inayotumiwa na watoto hadi umri wa miaka 15 karibu dunia nzima. Siku hizi nyingi ni za faibaglasi, na mpya ya mashindano huuzwa dola elfu tatu na zaidi. Zile 50 zimebaki historia.

Uingereza nayo ilipata Mirror mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikifadhiliwa na gazeti la Daily Mirror. Wabunifu wake walikuwa Jack Holt, aliyekuwa mchora mashua, na Barry Bucknell, mtangazaji wa televisheni aliyefundisha watu kazi za mikono za nyumbani. (Watangazaji nasi tumo.) Ununuzi wake ulikuwa wa vipande vya plaiwudi vilivyokwisha kukatwa. Mnunuzi alivishona kwa waya wa shaba, akaziba maungio kwa utepe wa faibaglasi na gundi, akapaka rangi. Gharama ilikuwa pauni 63 na shilingi 11. Kwa namna hiyo familia zisizo na mtaji ziliingia kwenye mchezo uliokuwa wa wachache. Matanga yake mekundu bado yanaonekana kwenye maziwa ya huko.

Kuchagua

Jambo la kwanza ni kuangalia wenzako wanaendesha nini. Mashua ya daraja lisilokuwapo kwenye maji yako ni hasara hata ukipewa bure, maana hutakuwa na wa kushindana naye wala wa kukuazima kipuri. Kwetu mashua hizi zipo kwenye vilabu, kwa mfano Dar es Salaam na Mombasa, na mtu anaweza kujifunzia ya klabu kabla hajafikiria kununua. Majirani zetu Msumbiji wamefika mbali kwa njia ya ILCA: Deizy Nhaquile alishiriki Olimpiki za Tokyo na Paris.

La pili ni uzito wa mwili. ILCA ina matanga matatu kwa bodi lile lile. Kubwa, la mita za mraba 7.06, linamfaa mtu wa kilo 80 hivi. La kati lina 5.76 na ndilo la wanawake kwenye Olimpiki. Dogo lina 4.7 na linawafaa vijana. Unabadilisha tanga na kipande cha chini cha mlingoti, basi. Kijana akikua, bodi linabaki.

Pasipo na mashua za daraja moja za kutosha, Waingereza hutumia hesabu ya kusawazisha muda. Kila daraja lina namba: ILCA kubwa ni karibu 1100, Mirror karibu 1390. Muda wa mbio unazidishwa kwa 1000 kisha unagawanywa kwa namba hiyo. ILCA ikitumia dakika 55, hesabu inaipa 50. Mirror ikifika baada ya dakika 69 na nusu, nayo inapata 50. Zimetoka sare, ingawa moja imefika robo saa nyuma.

Ukinunua iliyotumika

Hapa ndipo gharama halisi inapoonekana. Tuseme mzazi amenunua mashua ya dola 3,000, mtoto akaitumia miaka minne, ikauzwa 2,200. Mashua imemla dola 800, yaani 200 kwa mwaka. Aliyenunua ya dola 1,000 ya daraja lisilotakiwa na mtu ameipoteza yote. Juu ya hapo weka ada ya klabu, matanga, kamba na usafiri. Matanga ndiyo huchakaa mapema.

Ukikagua ILCA ya zamani, mimina maji kwenye tundu la mlingoti uyaache kwa muda. Yakipungua, maji yanaingia ndani ya bodi, na mlingoti unaweza kung'oka siku ya upepo mkali. Bonyeza sitaha kwa kiganja. Ikibonyea, matabaka yake yameachana kwa ndani. Inyanyueni watu wawili. Ikiwa nzito kupita kiasi, imekunywa maji. Tanga likunje kidogo mkononi: jipya hukwaruza kama karatasi mpya, lililochoka ni laini kama kanga ya zamani. Hilo muuzaji atakupa kama nyongeza; wewe lihesabu kama halipo.