Diwani Aliyetaka Kuivunja Bermondsey na Kuijenga Upya

Novemba 1909 wapigakura wa Bermondsey, ng'ambo ya kusini ya mto Thames jijini London, walimpeleka mwanamke katika halmashauri yao kwa mara ya kwanza. Sheria iliyomruhusu mwanamke kukikalia kiti hicho ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Aliitwa Ada Salter, mtoto wa mkulima kutoka Raunds, mji mdogo wa Northamptonshire, na wakati huo alikuwa na miaka 43. Alikuja na hoja iliyowashangaza wengi. Alisema mitaa mibovu ya Bermondsey ivunjwe, ijengwe upya yenye nyumba za chini zenye bustani, na wakazi wa nyumba hizo wawe makuli na wafanyakazi wa viwandani waliokuwa wakiishi hapohapo.

Mwenye kuijua Bermondsey ya siku zile angemwona anaota. Kando ya mto maghala yalisongamana ukuta kwa ukuta. Nyuma yake kulikuwa na viwanda: biskuti za Peek Frean, jamu ya Hartley, na vile vya kuloweka na kukwangua ngozi vilivyoupa mtaa harufu usiyoisahau. Watu wapatao 120,000 walibanana humo. Charles Dickens alipotafuta mahali pa kumwulia jambazi Bill Sikes katika riwaya ya Oliver Twist, alichagua Jacob's Island, pembe ya Bermondsey hiihii.

Kulikuwa na sababu ya watu kung'ang'ania hapo. Kazi ya bandarini ilikuwa kibarua. Alfajiri wanaume walijazana getini, msimamizi akanyoosha kidole kwa huyu na yule, na waliobaki wakarudi nyumbani mikono mitupu. Anayeishi mbali angefika geti limeshafungwa. Kwa hiyo kuli alilazimika kupanga karibu, na mwenye nyumba alilijua hilo. Chumba kibovu chenye paa linalovuja kilipata mpangaji siku hiyohiyo, na ukuta wenye ukungu haukuwa na haja ya kupakwa chokaa. Katika baadhi ya nyua zao bomba moja lilihudumia nyumba 25 hivi, na vyoo vilikuwa vya kugombania. Mkazi aliyelalamika aliambiwa ahame, naye hakuwa na pa kuhamia.

Ada alifika London mwaka 1896 kufanya kazi ya kanisa miongoni mwa maskini, na mwaka uliofuata akahamia kituo cha Bermondsey Settlement, ambako alisimamia vikundi vya wasichana wa viwandani. Hapo alikutana na Alfred Salter, daktari kijana wa hospitali ya Guy's aliyekuwa na medali na mustakabali mwema wa kitaaluma. Walioana mwaka 1900 na kuamua kuishi palepale. Daktari alifungua zahanati Jamaica Road, akitoza senti chache, na asiye nazo akitibiwa bure. Wote wawili walikuwa wa madhehebu ya Marafiki, yaani Quaker, ambayo wasomaji wa Kaimosi na Kakamega wanayafahamu vizuri.

Walipopata mtoto, Joyce, aliyezaliwa mwaka 1902, walikataa kumlea kando na watoto wa jirani. Alisoma shule ileile na kucheza barabara zilezile. Mwaka 1910 homa nyekundu ilizuka tena mtaani, na Joyce, ambaye ilikuwa imeshamshika mara mbili kabla ya hapo, safari hii hakupona. Alikuwa na miaka minane, mtoto wao wa pekee. Mama yake alikuwa hajamaliza hata mwaka katika udiwani. Wangeweza kufunga virago, na hakuna ambaye angewalaumu. Walibaki.

Ninaitaja habari hii kwa sababu bila hiyo siasa ya Ada haieleweki. Alipozungumza juu ya msongamano na maradhi kikaoni, madiwani wenzake walijua anazungumza kama mzazi aliyezika. Wakazi nao walijua hivyo. Agosti 1911 wanawake zaidi ya 14,000 wa viwanda vya jamu, biskuti na vyakula waliacha kazi kudai nyongeza ya ujira. Kiongozi wa chama chao, Mary Macarthur, alihutubia umati, na Ada alikuwa miongoni mwa walioshughulikia chakula cha wagomaji na watoto wao. Viwanda vingi vilisalimu amri. Tangu hapo wanawake wa Bermondsey walimhesabu kuwa wao.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza yeye na mumewe walipinga vita hadharani, na siku hizo kupinga kulihesabiwa usaliti. Lakini Novemba 1922 mambo yaligeuka. Chama cha Labour kilishinda wingi wa viti vya halmashauri, Alfred akaingia Bungeni, na Ada akachaguliwa meya, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho London, na wa kwanza wa Labour katika Uingereza nzima. Alikataa joho na mkufu wa umeya. Alitaka fedha ziende kwenye nyumba.

Hapo ndipo ulipoanza mvutano ambao kila diwani aliyewahi kushughulikia makazi ataufahamu. Halmashauri ilichagua eneo la Salisbury Street, mojawapo ya sehemu mbaya zaidi, na kupendekeza libomolewe na kujengwa nyumba za familia moja moja, kila moja na bafu lake na bustani yake. Wizara ya Afya, ambayo siku hizo ndiyo iliyosimamia makazi, ilikataa. Hesabu ya wizara ilikuwa nyepesi: ardhi ya katikati ya London ni ghali, watu ni wengi, jengeni maghorofa. Halmashauri nayo ikashikilia kwamba maghorofa ya makuli yaliyokuwepo tayari yalikuwa magereza yenye ngazi, na kwamba mtoto anahitaji udongo chini ya miguu yake.

Mlango ulifunguka mwaka 1924, serikali ya kwanza ya Labour ilipoingia madarakani. John Wheatley, waziri aliyekabidhiwa makazi, alitoka katika mitaa duni ya Glasgow na hakuhitaji kufundishwa. Sheria yake ya mwaka huo iliipa halmashauri ruzuku ya pauni 9 kwa mwaka kwa kila nyumba, kwa miaka 40, ili kodi ya mpangaji iwe nafuu. Bermondsey ikapata kibali. Kampuni ya wasanifu Culpin na Bowers ilichora ramani, Ewart Culpin akiwa mmoja wa waenezaji wakubwa wa fikra ya miji ya bustani, na mtaa wa Wilson Grove ukajengwa, kazi ikimalizika mwaka 1928. Zilikuwa nyumba za orofa moja juu, mbili mbili na nne nne, zenye mapaa ya mteremko, dirisha linalotazama barabara, bustani ndogo mbele na uwanja nyuma. Zilisimama hatua chache kutoka kwenye maghala.

Zilikuwa nyumba 54.

Tukae kidogo na hesabu hiyo. Hata kila nyumba ingekaliwa na watu sita, wasingefika 330, katika eneo ambalo zamani lilibeba watu wengi zaidi kuliko hao. Wizara haikukosea kuhusu hesabu. Nyumba nzuri yenye nafasi hula ardhi, na familia isiyopata nafasi katika mtaa mpya italala mahali fulani. Ndoto ya Ada ilikuwa kuvunja sehemu kubwa ya Bermondsey na kuijenga hivyo yote, huku wakazi waliozidi wakihamia vitongoji vya bustani nje ya London. Lakini makuli walihitaji kuwa karibu na geti, na fedha za kununua ardhi yote ile halmashauri haikuwa nazo. Miaka ya 1930 halmashauri yake iliendelea kubomoa na kujenga, lakini kilichojengwa kikawa maghorofa ya matofali, yenye korido za nje na ua katikati. Yalikuwa bora mara nyingi kuliko yaliyobomolewa. Hayakuwa alichokitaka.

Kwa maoni yangu ukubwa wake unaonekana hapa, katika alichokifanya baada ya kujua kwamba hatapata nyumba za kutosha. Tangu mwaka 1920 halmashauri ilikuwa na Kamati ya Kupendezesha Mtaa, na Ada ndiye aliyekuwa roho yake. Kama mtaa hauwezi kuvunjwa wote, basi uoteshwe wote. Kamati ilipanda miti kandokando ya barabara za makuli, hesabu inayotajwa mara nyingi ikiwa 9,000. Haikuwa kazi ya kuchimba shimo na kuondoka. Moshi wa makaa uliziba majani, na aina nyingi zilikufa, kwa hiyo ilibidi kujaribu mti hadi mti. Kati ya ile iliyovumilia, Ada aliupenda zaidi ule ambao Waingereza huuita mti wa mbinguni, asili yake China. Masanduku ya maua yaliwekwa madirishani, mashindano ya bustani yakaandaliwa, na ikapatikana hata dalia iliyopewa jina la Bermondsey Gem.

Makaburi ya zamani yanayozunguka makanisa yaligeuzwa kuwa bustani na viwanja vya michezo. Kwenye kanisa la St James's mwaka 1921 uliwekwa mteremko mrefu wa kutelezea watoto, uliofunikwa kama mnara, uliotolewa na Arthur Carr, mwenyekiti wa Peek Frean. Walioona maua ni anasa kwa watu wenye njaa walikuwa na hoja inayostahili jibu. Jibu la Ada lilikuwa kwamba mtu aliyezaliwa mahali pachafu asihukumiwe kuupenda uchafu, na kwamba uzuri ni haki ya mlipa kodi wa Bermondsey sawa na wa mitaa ya matajiri. Ni jibu ninalolikubali kabisa.

Kazi ya makazi haikutenganishwa na ya afya. Salter na mkewe walikuwa wamenunua jumba la Fairby Grange huko Kent, lililowahifadhi waliofungwa kwa kukataa vita, kisha wakaikabidhi halmashauri liwe mahali pa mama waliojifungua kupumzikia na kupata nguvu. Idara ya afya ilitengeneza filamu zake yenyewe kuanzia miaka ya 1920, na gari likazunguka mitaani kuzionyesha hadharani: usafi wa meno, maziwa, kifua kikuu, watoto wakisimama barabarani jioni kutazama bila kulipa. Wagonjwa wa kifua kikuu walipelekwa Leysin, milimani Uswisi, kutibiwa kwa mwanga wa jua kwa gharama ya halmashauri, na mwaka 1926 tiba ya mwanga ikaletwa Bermondsey kwenyewe.

Mwaka 1925 Ada alichaguliwa pia katika halmashauri kubwa iliyosimamia London nzima. Labour ilipoishika mwaka 1934 chini ya Herbert Morrison, fikra zake za bustani na viwanja zilivuka mipaka ya Bermondsey. Mwaka uliofuata halmashauri hiyo ilitenga hadi pauni milioni 2 kusaidia kununua ardhi ya kuizunguka London isijengwe, mwanzo wa ukanda wa kijani uliopo hadi leo. Southwark Park ilipata bustani ya waridi ambayo sasa ina jina lake.

Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yalianza kuichoma bandari, na Bermondsey ikaungua nayo. Ada alifariki Desemba 1942, Alfred akamfuata mwaka 1945.

Kilichofuata baada ya vita kinastahili makala yake, ila jambo moja halirukiki. Mwaka 1965 halmashauri ya Bermondsey iliunganishwa na majirani kuwa Southwark. Makontena yakaiua bandari ya zamani, na magati ya Surrey yakafungwa mwaka 1970. Mwaka 1980 sheria iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba zao kwa bei ya punguzo. Wengi walinufaika, na nyumba zilizouzwa zikatoka mikononi mwa umma. Mwaka 1981 serikali ikaunda shirika la kuendeleza maeneo ya bandari, lenye wajumbe wa kuteuliwa, na kulikabidhi madaraka ya mipango miji yaliyokuwa ya madiwani. Maghala aliyoyajua Ada yakawa makazi ya kifahari. Mto ulipendeza, uwekezaji ulikuja, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kurudi kwa kuli mstaafu kumwomba kura. Huo pia uliitwa ufufuaji wa mji. Mimi nauona kinyume cha ule wa Ada, kwa sababu uliyapendezesha majengo bila kuwauliza waliokuwa wakiishi nyuma yake.

Sanamu za familia hiyo ziko Bermondsey Wall East, ukingoni mwa mto. Ziliwekwa mwaka 1991, daktari na Joyce na paka, mama mwenyewe akisahaulika. Novemba 2011 ya daktari iliibwa. Wakazi walichangishana, halmashauri ya Southwark ikaongeza, na mwaka 2014 ikarudishwa nyingine, safari hii pamoja na Ada aliyeshika sepeto.

Wilson Grove ipo bado, na watu wanaishi humo. Kwa hiyo, msomaji, siku diwani wako atakapofungua ramani ya mtaa mpya mbele ya mkutano, wenye maghorofa yanayong'aa na miti ya rangi ya kijani, simama umwulize maswali mawili kabla ya makofi: hapa zinaishi kaya ngapi leo, na ngapi kati yake zina nyumba kwenye ramani hiyo, kwa majina. Akijibu kwa takwimu, mpigie kura. Akijibu kwa picha, mwombe arudi na orodha.