Nodi Ziko Wapi?

Ukifungua Bitnodes, mradi unaohesabu nodi za Bitcoin tangu 2013, utakuta ramani ya dunia yenye nukta zilizosongamana Marekani na Ulaya Magharibi, huku Afrika ikiwa karibu tupu. Mwandishi wa habari mwenye haraka ataandika kwamba "vituo vya Bitcoin" viko Marekani na Ujerumani, kisha ataendelea na mambo mengine.

Nodi ni kompyuta inayoendesha programu ya mtandao wa sarafu: inakagua miamala kwa kanuni za mtandao, inatunza daftari na kupashana habari na wenzake. Si lazima ichimbe sarafu. Pochi iliyo kwenye simu yako kwa kawaida si nodi, huuliza tu nodi ya mtu mwingine. Wapo wanaotumia neno kifundo, ambacho wasomaji wengi watakitafuta mguuni. Neno kituo lina kasoro nzito zaidi. Kituo cha basi, cha polisi, cha afya, vyote vina mahali, ukiuliza utaelekezwa. Nodi ina anwani tu, na anwani ya intaneti haikuapa kusema ukweli kuhusu mahali. Ndiyo maana nashikilia neno nodi.

Kuzihesabu nako kuna mambo yake. Programu ya kuhesabu hugonga mlango namba 8333 wa nodi chache zinazojulikana, husalimiana nazo kwa kutaja toleo la programu, kisha huziomba anwani za wenzao. Jibu moja laweza kubeba anwani hadi 1,000, nyingi zikiwa za nodi zilizokwisha kuzimwa. Inagonga hizo nazo, na kuendelea hivyo hivyo. Zinazoitika ndizo zinazoingia kwenye ramani.

Zisizoitika je? Nodi ya nyumbani, nyuma ya ruta, huwapigia wengine lakini yenyewe haipigiki. Kampuni za simu nazo mara nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, hivyo nodi iliyo sebuleni Dar es Salaam yaweza kufanya kazi usiku na mchana isionekane na yeyote anayehesabu. Hapa ndipo hesabu inapogeuka makadirio. Programu ya Bitcoin Core kwa kawaida hujiunganisha yenyewe na nodi 10: 8 za kupashana kila kitu, 2 za bloku (mafungu ya miamala) tu. Tuseme zinazoitika ni 10,000, na kila moja inapokea wastani wa wageni 50. Viungo ni 500,000. Gawanya kwa 10, unapata nodi 50,000 zinazopiga. Ondoa zile 10,000 tunazoziona, zinabaki 40,000 zilizofichika. Hesabu ya darasa la sita, ila baadhi ya hao wageni ni wapelelezi na wahesabuji wengine, wanaojiunganisha na kila mtu na kuvimbisha jibu.

Upande wa pili kuna kuhesabu mara mbili. Nodi moja yaweza kuwa na anwani ya IPv4, ya IPv6 na ya Tor (mtandao unaoficha anwani halisi), ikaonekana kama nodi tatu. Na Tor ndiyo inayoichezea ramani kuliko vyote: katika miaka ya karibuni zaidi ya nusu ya nodi za Bitcoin zinazoitika zimekuwa nyuma yake, na anwani ya Tor haina nchi. Nukta unazoziona ni za waliobaki.

Hata hao waliobaki, nchi yao husomwa kwenye hifadhidata za anwani za IP. Mtu wa Mombasa akikodi seva ya kampuni ya Hetzner iliyoko Falkenstein, Ujerumani inaongezewa nukta moja na Kenya haipati kitu. Kwa maoni yangu, kuuliza nchi ni kuuliza swali dogo; kubwa ni kampuni ipi inayokodisha seva. Novemba 2022 kampuni hiyo ya Hetzner ilizifungia seva zilizokuwa zikiendesha nodi za Solana, mtandao mwingine wa sarafu, kwa sababu masharti yake hayaruhusu kazi za sarafu mtandao, na takriban moja ya tano ya hisa zinazothibitisha miamala ya Solana ikatoka hewani kwa mpigo. Mtandao haukusimama. Hetzner ina vituo vya data Ujerumani na Finland pia, kwa hiyo ramani ya nchi ingezipaka nodi zake rangi tofauti. Bitnodes ina jedwali jingine, linalopanga nodi za Bitcoin kwa kampuni zinazomiliki anwani; hilo magazeti hayalinakili.