Springi Katika Jumba la Sanaa: Maonyesho ya Vitu vya Kila Siku New York

Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa la New York, linalofahamika zaidi kwa kifupisho cha MoMA, lilifunguliwa tarehe 7 Novemba 1929, siku chache tu baada ya soko la hisa la Wall Street kuporomoka. Waanzilishi wake walikuwa wanawake watatu wenye mali na mapenzi makubwa ya sanaa: Abby Aldrich Rockefeller, Lillie Bliss na Mary Quinn Sullivan. Hawakuwa na jengo lao. Walipanga vyumba katika ghorofa ya 12 ya jengo la ofisi kwenye barabara ya Fifth Avenue, na humo wakatundika kazi za wachoraji wanne waliokwisha kufariki, Cézanne, Gauguin, Seurat na van Gogh. Watu walikuja kwa maelfu.

Mkurugenzi wa kwanza, Alfred Barr, alikuwa na umri wa miaka 27. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amekwenda Dessau, Ujerumani, kuitazama shule ya Bauhaus, ambako wachoraji, wafumaji, wachapaji na wasanifu wa majengo walifundisha chini ya paa moja. Ziara hiyo ilimfanya aamini kwamba jumba la sanaa ya kisasa haliwezi kuishia kwenye picha na sanamu; lazima liwe na nafasi ya majengo, samani, upigaji picha na filamu. Wadhamini wa jumba walisita, na haikuwa ajabu, maana majumba ya makumbusho ya wakati ule yalikusanya vitu vya zamani vya thamani, wala hakuna aliyetarajia kukuta humo kitu kinachouzwa dukani wiki hiyo hiyo.

Hatua ya kwanza ilikuwa onyesho la usanifu wa majengo la mwaka 1932, lililoandaliwa na Henry-Russell Hitchcock na Philip Johnson. Kwa kuwa nyumba haiingii chumbani, waliweka picha kubwa na mifano midogo ya majengo ya Le Corbusier, Mies van der Rohe, Gropius na wenzao. Baadaye onyesho hilo lilizungushwa katika miji mingine ya Marekani, na jina ambalo waandaaji waliupa mtindo ule, Mtindo wa Kimataifa, limebaki katika vitabu vya usanifu hadi leo.

Onyesho lililothubutu zaidi lilifuata mwaka 1934. Liliitwa Machine Art, yaani sanaa ya mashine, na aliyeliandaa ni Johnson. Ndani yake hamkuwa na mchoro hata mmoja. Kulikuwa na springi za chuma, beringi, rafadha ya boti iliyotengenezwa kwa aluminiamu, sufuria, vyombo vya kioo vya maabara, mashine ya kuhesabia fedha, na vipimo vya kisayansi. Johnson alivipanga kama wengine wanavyopanga sanamu za marumaru: kila kitu kwenye kibao chake, nafasi ya kutosha pande zote, na nyuma yake ukuta uliochaguliwa kwa rangi na kwa mguso ili umbo lionekane sawasawa. Mtu aliyewahi kuona springi ndani ya injini tu, imejaa grisi, alijikuta sasa anaizunguka, akitazama jinsi mwanga unavyopita kati ya mizunguko yake.

Barr aliandika utangulizi wa katalogi, akarejea hadi kwa Plato, aliyesema kwamba mistari na miduara ina uzuri wake yenyewe usiotegemea kitu kingine. Jalada lilibuniwa na Josef Albers, mwalimu wa zamani wa Bauhaus aliyekuwa amehamia Marekani mwaka uliotangulia, na juu yake ilikuwepo picha ya beringi. Kilichowashangaza wengi kilikuwa ndani ya kurasa: jina la kampuni iliyotengeneza kila kitu na, kwa vitu vingi, bei yake. Waamuzi walialikwa kuchagua vitu vizuri zaidi, miongoni mwao rubani Amelia Earhart, na nafasi ya kwanza ikaenda kwa kipande cha springi. Katika miaka ile ya mdororo wa uchumi, wakati mamilioni ya Wamarekani hawakuwa na kazi, kumwambia mtu kwamba uzuri unapatikana katika sufuria anayoweza kuinunua lilikuwa jambo lenye uzito.

Hata hivyo, namna hiyo ya kuonyesha ilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ilijitokeza wazi mwaka uliofuata. Mwaka 1935 jumba hilo liliandaa onyesho kubwa la sanaa ya Afrika, lenye vitu takriban 600 vilivyoazimwa kutoka mikusanyo ya Ulaya na Marekani, vingi vikiwa vya Afrika Magharibi na bonde la Congo. Vinyago na sanamu viliwekwa kwa heshima, kwa mwanga na nafasi, kama zilivyowekwa springi. Mpiga picha Walker Evans aliagizwa kuvipiga picha, na seti za picha hizo zikapelekwa katika vyuo vya Wamarekani weusi, jambo lenye faida ya kweli kwa wanafunzi ambao wasingeweza kufika New York. Lakini vinyago vilitengwa na ngoma zake, jando lake na watu wake. Springi ilikuwa na jina la kampuni. Kinyago hakikuwa na jina la mchongaji. Watazamaji walifundishwa kuona umbo peke yake, na waliolifanya umbo hilo wakaachwa nje ya mlango. Ilichukua zaidi ya miongo miwili kabla ya jumba hilo kuwa na mchoro wa msanii wa kisasa wa Afrika Mashariki anayejulikana kwa jina: kazi ya mwaka 1956 ya Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Ntiro alisoma Makerere kisha London, na baada ya uhuru aliiwakilisha Tanganyika huko huko London kama Balozi.

Kwa upande wa vitu vya nyumbani, mafunzo ya Machine Art yaliendelezwa kwa njia nyepesi zaidi. Mwaka 1938 lilifunguliwa onyesho la vyombo muhimu vya nyumbani vyenye bei isiyozidi dola 5. Likawa jambo la kurudiwa karibu na Krismasi, wakati watu wanatafuta zawadi, na kiwango cha juu cha bei kikapandishwa baadaye. Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani, waandaaji walilazimika kubadili mpango. Chuma, aluminiamu na chuma kisichoshika kutu vilihitajika na jeshi, kwa hiyo walitafuta vyombo vya kioo, udongo na mbao, pamoja na vitu ambavyo askari wenyewe walisema wanavihitaji.

Katikati ya miaka hiyo jumba liliacha kuchagua tu kilichokuwepo, likaanza kuchochea kitu kipya kitengenezwe. Mwaka 1940 Eliot Noyes, mkuu wa idara ya ubunifu wa viwandani, alitangaza shindano la samani, huku maduka makubwa yakiahidi kuziuza kazi za washindi. Charles Eames na Eero Saarinen walishinda kwa viti vya plaiwudi iliyokunjwa kufuata umbo la mwili. Onyesho lilifunguliwa mwaka 1941, lakini viwanda havikuwa na uwezo wa kuikunja plaiwudi pande mbili kwa pamoja kwa gharama nafuu, na viti vikawa ghali kuliko ilivyokusudiwa. Suluhisho lilitoka mahali pengine kabisa. Wakati wa vita, Charles na mkewe Ray Eames waliunda magango ya plaiwudi ya kufungia miguu ya majeruhi wa jeshi la majini, na kwa kazi hiyo wakaimudu mbinu. Mwaka 1946 walirudi MoMA na viti vipya vya plaiwudi, ambavyo sasa viliweza kutengenezwa kiwandani kwa wingi.

Kilele kilifikiwa kati ya 1950 na 1955 kwa mfululizo ulioitwa Good Design. Msimamizi wake, Edgar Kaufmann mdogo, alikuwa mtoto wa mwenye duka kubwa la Pittsburgh na aliijua biashara tangu utotoni. Aliunganisha nguvu na Merchandise Mart, jengo kubwa mno la wauzaji wa jumla mjini Chicago. Vitu vilichaguliwa na kuonyeshwa huko mara mbili kwa mwaka, kisha vingine vikaletwa New York mwishoni mwa mwaka. Onyesho la kwanza lilipangwa na Charles na Ray Eames. Kitu kilichopita mchujo kilipewa lebo, na lebo hiyo ilifika hadi dukani ikining'inia kwenye taa au kiti. Hapa ndipo swali gumu lilipozuka: je, jumba la makumbusho linaelimisha au linatangaza biashara? Kaufmann aliamini kwamba yote mawili yanaweza kwenda pamoja, na alikuwa na hoja nzuri, maana mnunuzi wa kawaida alipata kipimo cha ubora ambacho hakikutoka kwa muuzaji. Kipimo hicho, hata hivyo, kilikuwa cha watu wachache wa New York na Chicago wenye ladha zinazofanana.

Maonyesho ya aina hiyo yalivuka bahari. Mwaka 1959 mkusanyo wa vitu vya Marekani na Ulaya uliochaguliwa na MoMA ulizungushwa India, nchi iliyokuwa ikitafuta namna ya kuinua viwanda vidogo bila kuua ufundi wa mikono. Charles na Ray Eames walikuwa wamekwisha kuiandikia serikali ya India ripoti mwaka 1958, wakisifu lota, chombo cha maji cha kila nyumba, kuwa miongoni mwa vitu vilivyobuniwa vizuri kuliko vyote. Taasisi ya taifa ya ubunifu ilianzishwa Ahmedabad mwaka 1961.

Mjini New York, mkusanyo wa ubunifu uliendelea kukua: helikopta ya Bell iliyobuniwa na Arthur Young iliingizwa mwaka 1984, na michezo ya kompyuta, Tetris na Pac-Man ikiwemo, mwaka 2012. Mavazi yalichelewa. Bernard Rudofsky aliyaandalia onyesho mwaka 1944, akiwahoji Wamarekani kuhusu kola na viatu vinavyoubana mwili bila sababu, kisha jumba halikurudi kwenye mada hiyo hadi mwaka 2017. Katika onyesho hilo la pili vilichaguliwa vitu 111, vikiwemo sari, hijabu na dashiki, na safari hii kila vazi lilielezwa pamoja na historia ya waliolivaa.