Kidokezo cha Grafu na Mtumiaji wa Kibodi

Kidokezo ni kijisanduku cha maelezo kinachojitokeza kwenye grafu pale kielekezi cha kipanya kinapopita juu ya mhimili, nukta au kipande. Waandaaji wa ripoti hukipenda kwa kuwa mchoro hubaki safi, na tarakimu kamili hutokea zinapohitajika tu.

Chukua mfano wa grafu ya shehena ya Bandari ya Mtwara, yenye mihimili ya korosho, makaa ya mawe ya Ruvuma na saruji kwa kila mwezi. Kuanzia Oktoba, msimu wa korosho unapofunguliwa, mhimili wake hurefuka. Tani zenyewe zimo ndani ya kidokezo. Wakala wa forodha asiyeona, anayetumia kisoma skrini kama NVDA, hafanyi kazi kwa kipanya. Karani mwenye mkono unaotetemeka hawezi kukituliza kielekezi juu ya mhimili mwembamba. Grafu wanayo, tani hawazipati.

Mwongozo wa ufikivu wa wavuti wa WCAG 2.1, uliotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Juni 2018, una vigezo viwili vinavyohusika. Kigezo 2.1.1 kinataka shughuli zote ziwezekane kwa kibodi. Kigezo 1.4.13 kina masharti matatu: kidokezo kiweze kufungwa bila kusogeza kielekezi, aghalabu kwa kitufe cha Esc, kielekezi kiweze kuhamia juu ya kidokezo bila kukifuta, jambo muhimu kwa anayekuza maandishi ya skrini, na kidokezo kisijifunge chenyewe kabla msomaji hajamaliza.

Kiutendaji, kitufe cha Tab humfikisha mtumiaji kwenye grafu, na vitufe vya mishale humhamisha kutoka mhimili mmoja hadi mwingine, kidokezo kikifunguka kila anapofika. Katika msimbo, sifa ya aria-describedby hukiunganisha kidokezo na mhimili wake ili kisoma skrini kikitamke. Kwenye Power BI, programu ya kuandalia ripoti, Ctrl na mshale wa kulia huingia ndani ya grafu, Ctrl na H hufungua kidokezo, na Alt, Shift na F11 huonesha takwimu kama jedwali.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 9 inagusa habari na teknolojia ya mawasiliano. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha, mwandaaji aweke kipanya kando na kuipitia ripoti nzima kwa kibodi. Tarakimu asiyoifikia airekebishie njia, au aiandike kwenye jedwali chini ya grafu.