Bwawa la Nairobi na Mto Motoine

Jirani na mtaa wa Soweto East, Mto Motoine unaingia Bwawa la Nairobi, kisha unatoka kwa jina la Mto Ngong. Maji hayo huendelea hadi Mto Athi, na huitwa Sabaki yanapomwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Taka ya hapa ina safari ndefu!

Bwawa lilijengwa mwaka 1953, na zamani mashua za tanga zilielea hapa. Leo maji machafu na tope vimelijaza, magugumaji yamefunika uso wake. Hata hivyo mwewe huzunguka angani, kwarara hupekua matope kwa mdomo uliopinda, na makorongo wakubwa hutua jaani. Nao ni wanyamapori, sawa na wa mbugani. Tafadhali usitupe taka mtoni.